Mkwe Kabla ya Hukumu

Ukitaka kumjua Mama Joho, mtazame anavyomtazama mtu. Haanzi na uso, anaanza na mabega. Chumba chake cha kushonea kiko nyuma ya mahakama, ukishapita maegesho ya baiskeli, na kwa miaka mingi amekuwa akishona majoho meusi ya mawakili, hata jina alilopewa na wazazi wamebaki kulijua ndugu zake tu. Ana meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliofungwa waya, kioo kirefu chenye ufa pembeni, kigoda cha kusimamisha mteja anapopimwa pindo, na cherehani mbili za kukanyaga. Ya pili anaikalia mwenzake, Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni kutoboa matundu, kushona vifungo na kumchokoza kila anayeingia.

Ni mtu wa wasiwasi, Mama Joho. Kufuli akishalifunga hulirudia. Jua likiwaka anahofia kisima, mvua ikinyesha anahofia paa. "Shoga, wewe hata ukifika peponi utauliza kama mlango unafungwa vizuri," Mama Vifungo humwambia. Yeye hucheka, lakini habadiliki. Darasani hakukaa sana. Akili yake ameiweka machoni.

Wasiwasi huo ulipata kazi ya kweli siku binti yake wa pekee aliporudi nyumbani na mabegi mawili na mtoto. Ndoa ilikuwa imevunjika. Mtoto, msichana wa darasa la kwanza asiyefunga mdomo hata akiwa na chai kinywani, walikuwa wakimwita Chiriku. Haukupita muda, baba yake akafungua shauri mahakamani akitaka Chiriku akaishi kwake: ana nyumba yenye nafasi, alisema, na mama yake mwenyewe yupo wa kumtazama mtoto, ilhali binti anashinda kwenye duka la dawa mpaka jioni. Binti aliusoma wito wa mahakama akiwa amesimama, akaumaliza akiwa amekaa kizingitini.

"Mama, watamchukua."

Mama Joho hakwenda mbali kutafuta msaada. Kati ya wateja wake alikuwamo wakili mmoja, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, mtaratibu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kugombana na fundi juu ya urefu wa mkono wa joho. Alimweleza. Wakili akalichukua shauri, na haki ya mtu mpe, alilishika vizuri. Kikao cha kwanza tu, hakimu akaagiza mtoto abaki kwa mama yake mpaka shauri liishe. Usiku ule binti alilala, na mama mtu naye akalala.

Hapo ndipo Mama Joho alipotakiwa kunyamaza. Hakunyamaza.

Wakili alikuja kupimwa joho jipya, na binti siku hiyo alikuwa ameleta chakula cha mchana. Mama Joho akaona jinsi mwanamume yule alivyogeuka mlango ulipofunguliwa. Jicho lake halikosi vitu kama hivyo. Akawaza haraka, kama mtu anayeona kitambaa kizuri kikiuzwa na anaogopa mwingine atakiwahi. Wakili wa kulipwa, aliwaza, akitoka mahakamani anavua joho, na kesi anaiacha mfukoni mwa joho. Lakini mtu akiwa wa nyumbani, kesi analala nayo. Atapigana kufa na kupona.

"Mwanangu," akamwambia binti, "hebu shika futi umpime mabega. Macho yangu leo yana ukungu."

"Macho yako?" Mama Vifungo akadakia. "Wewe uliyeona sindano yangu chini ya meza jana jioni?"

"Nyamaza, toboa matundu yako."

Binti akashika futi. Wakili akasimama wima kama askari kwenye gwaride, na Mama Vifungo akasema, "Punguza kifua, baba, joho si la kuazima." Wote wakacheka. Ndipo Mama Joho akalitoa neno lake, kwa utani, huku akicheka na pini mdomoni:

"Muache mkwe wangu apimwe kwa raha."

Wakili aliona haya, lakini haya ya kupendezwa. Binti aliangalia futi. Mama Joho akatoka nje, akasema anakwenda kutafuta uzi mweusi. Uzi mweusi ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yake.

Toka hapo neno likazoea njia. Wakili alianza kupita nyumbani Jumapili, kwanza na faili, baadaye bila faili. "Karibu, mkwe." "Mkwe, kaa hapa penye upepo." Alimletea Chiriku penseli za rangi. Chiriku, kwa kuwa hakuwahi kumsikia mgeni huyo akiitwa vingine, alidhani hilo ndilo jina lake. "Mkwe kaja!" alipiga kelele toka uani. "Mkwe kanyoa ndevu!" Mama Joho alicheka mpaka akashika mbavu. Na binti alipochelewa kutoka chumbani, mama yake alimfuata akamnong'oneza, "Vaa ile ya buluu. Na usimuudhi mtu wa watu. Kesi haijaisha."

Kesi haijaisha. Maneno hayo aliyasema mara nyingi sana, kama mtu anayekumbusha mtoto kunywa dawa.

Jambo la kwanza lililomtia shaka lilikuwa simu. Simu ya wakili ilipoita, binti aliifunika kwa mto, akasema, "Nitasema nimelala." Kisha kabla haijakatika akaikwapua na kuitikia kwa sauti changamfu. Mama Joho aliyasikia yote mawili, hilo la kulala akaliacha lipite, la uchangamfu akalishika.

Jambo la pili lilikuwa ukumbini mwa mahakama. Walikuwa wakisubiri kuitwa. Wakili, mbele ya watu, alinyoosha mkono akaiweka sawa kola ya blauzi ya binti. Jambo dogo, hata la upole. Lakini Mama Joho aliona mabega ya mwanawe yakipanda na kuganda, na kifua kikasimama. Kuna wateja hubana pumzi hivyo fundi anapowagusa, wakisubiri tu amalize. Kola ilipokaa sawa na mkono ukaondoka, binti akapumua.

Mama Joho akatazama pembeni. Akajiambia ni woga wa mahakama.

La tatu hakuweza kulipa jina jingine. Baba Chiriku alituma ujumbe kupitia wakili wake kwamba amechoka kugombana: mtoto abaki kwa mama yake, kwake awe anakwenda mwisho wa wiki, yaishe. Wakili, kama kazi yake inavyotaka, aliufikisha. Aliufikishia sebuleni, Jumapili, akiwa na kikombe mkononi.

"Mimi nasema tukatae," alisema. "Tunashinda hii. Kwa nini tumgawie? Na tena," hapo sauti ikashuka, "siku zijazo Chiriku hatakosa baba. Yupo hapa hapa."

Binti alikuwa amefungua mdomo. Mama Joho aliona kabisa neno limefika kwenye meno. Likarudi.

"Sawa," binti akasema, akacheka kidogo. "Wewe ndiye unayejua."

Wakili alipoondoka, Mama Joho alimkuta binti jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshasafishwa.

"Ulitaka kusema nini pale?"

"Hakuna."

"Mwanangu, mimi nimekuzaa."

Binti aliendelea kusugua. "Nilitaka kusema tukubali. Chiriku anampenda baba yake. Kila Ijumaa anauliza. Mwisho wa wiki si kitu kibaya, mama. Ningekubali hata leo."

"Sasa mbona hukusema?"

Binti akaweka sufuria chini. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu.

"Nimwambie nani? Wakili wangu, au yule anayekuja kunywa chai? Nikimbishia wakili, yule wa chai ananuna. Nikimkataa wa chai jioni, asubuhi nani atasimama kuniombea mwanangu?"

"Lakini... si unampenda?"

"Si mtu mbaya. Ananiheshimu. Labda ningempenda, kama tungekutana dukani, amekuja kununua dawa ya mafua. Sijui. Sijapata nafasi ya kujua." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Wewe ndiye uliyemwita mkwe, mama. Mimi sikuwahi kumwita kitu."

Mama Joho alisimama pale na mikono yake mitupu. Alitaka kusema, nilikuwa nakutafutia kinga. Lakini aliona sasa kinga yenyewe ilikuwa ni nini. Alikuwa amemtanguliza mwanawe kama mtu anavyotanguliza zawadi mlangoni kwa mkubwa, na mwanawe, kwa ajili ya Chiriku, alikuwa amekaa kimya kama zawadi.

Siku zilizofuata kazi haikwenda. Alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaurudia vilevile.

"Una nini wewe?" Mama Vifungo akauliza.

"Nimemuuza mtoto wangu."

"Astaghafiru! Kwa nani?"

Akamweleza. Mama Vifungo, ambaye hakosi neno, alitoboa tundu zima bila kusema.

"Nilidhani bahati," alisema mwishowe. "Na mimi nilicheka siku ile. Lakini shoga, si umwambie huyo mwanamume? Ana masikio."

Wakili alikuja siku hiyo hiyo kupimwa pindo la lile joho jipya. Mama Vifungo, kwa mara ya kwanza tangu waanze kukaa pamoja, akakumbuka ana safari sokoni. Wakili akapanda kigodani. Mama Joho akapiga magoti, pini midomoni, akazunguka, pini moja baada ya nyingine, mpaka akafika mbele. Akazitoa zilizobaki, akazichoma kwenye mto wa pini.

"Mwanangu," alisema, akiwa bado chini. "Sitakuita mkwe tena. Nilikosea kukuita hivyo. Binti yangu anakuogopa."

"Mimi?" Wakili alitazama chini kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. "Nimemfanya nini? Nimewahi kumlazimisha?"

"Hujamlazimisha. Mtoto wake yuko mikononi mwako. Atakukatalia vipi?"

"Lakini alikuwa anacheka, mama. Kila nikija anacheka."

"Hata mimi nilidanganyika na kile kicheko, na mimi nilimzaa."

Wakili aligeuza uso. Kwenye kioo chenye ufa alionekana na joho lake na mabandi, vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni, pindo nusu limekunjwa, nusu linaburuta. Akashuka kigodani taratibu, akakikalia, magoti yakafika kifuani.

"Nilijua," alisema. "Hili tunafundishwa mwanzoni kabisa. Mteja ni mteja. Kama moyo umekwenda huko, kwanza unamkabidhi faili mwenzako, halafu ndiyo uende na maua yako kama mwanamume mwingine yeyote, akufungulie au akufungie mlango. Nilijiambia nitalikabidhi baada ya kikao kile. Halafu baada ya kile kingine." Akasugua uso. "Na lile la mwisho wa wiki. Nilimshauri akatae. Sijui lilikuwa shauri la wakili au la nani."

"Alitaka kukubali."

Wakili akafumba macho. Kisha kazi yake ikamrudia, akasema kwa sauti ya ofisini: "Nikijitoa sasa, kikao kitaahirishwa. Na ile ofa tuliikataa kwa maandishi. Upande wa pili hawalazimiki kuirudia. Wanaweza kuomba zaidi. Lazima ajue hilo kabla hajaamua. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Mama Joho akaokota pini sakafuni.

"Amekutuma?" wakili akauliza.

"Hapana. Sijamuuliza."

Walitazamana, watu wazima wawili, mmoja kapiga magoti na mwingine kakaa kwenye kigoda. Ilimwingia Mama Joho kwamba hata hili la kutubu alikuwa amelifanya kama lile kosa lenyewe: bila kumuuliza mwenyewe.

Alifunga chumba mapema. Kufuli hakulirudia. Alimkuta binti akimchana Chiriku nywele, akasubiri mpaka mtoto alipokimbilia uani, kisha akamweleza yote, hata kwamba alizungumza na wakili bila ruhusa yake. Binti alikasirika. Alisema maneno ambayo binti hamwambii mama yake, kisha akaomba radhi, kisha akayasema tena.

"Mara unanipeleka, mara unanirudisha! Mimi ni joho, mama? Unalegeza, unabana?"

"Una haki."

"Usinipe haki! Nakuuliza!"

Mama Joho akakaa kando yake. "Basi na mimi nakuuliza. Unataka nini? Ukisema abaki, nitanyamaza. Ukisema aondoke, nitanyamaza vilevile."

Binti aling'oa nywele za mtoto kwenye meno ya chanuo. "Kesho nitakwenda ofisini kwake," alisema. "Peke yangu."

Alikwenda, akarudi, hakueleza walizungumza nini. Faili likahamia kwa wakili mwingine, mwanamke mwenye miwani aliyekataa hata kukaribishwa nyumbani Jumapili: "Tutaonana ofisini, mama." Shauri likaahirishwa. Hakimu akasema wazazi waende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii wajaribu kuelewana.

Ofisi ilikuwa na meza ndefu, feni inayolia, na sanduku la vitu vya kuchezea pembeni. Afisa wa ustawi, mwanamke wa sauti tulivu, aliwakalisha binti na wakili wake upande mmoja, baba Chiriku na wakili wake upande wa pili. Mama Joho alikaa ukutani. Chiriku alikuwa sakafuni akichora. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Baba Chiriku alikuwa ameanza tena kuutaja mwisho wa wiki, kwa upole, na Mama Joho alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, mtoto alipoinua karatasi yake.

"Bibi, Mkwe yuko wapi? Nataka nimwonyeshe. Penseli hizi si kaninunulia yeye?"

Feni ililia peke yake. Baba Chiriku akageuka pole pole.

"Mkwe ni nani?"

Binti aliinamia meza. Wakili wake wa miwani alinyanyua mkono kutaka kuzuia, lakini Mama Joho alikuwa ameshasimama. Aliona wazi njia ya uongo, fupi na safi: angesema ni jirani.

"Ni neno langu mimi," alisema. "Nilimwita hivyo yule wakili wa kwanza. Nilimvuta nyumbani ili aipiganie kesi kwa nguvu. Mwanangu hakuniomba. Alivumilia kwa sababu ya mtoto. Ameshamwondoa, yeye mwenyewe. Ukitaka wa kumlaumu, baba, ni mimi hapa."

Baba Chiriku hakumtazama binti. Mwanamume huyu, ambaye miaka kadhaa nyuma alikuja kwa Mama Joho na viatu vipya kuomba mke, alimtazama yeye.

"Mama," alisema, "mkwe wako nilikuwa mimi. Tangu tuachane hujaniitikia hata salamu. Kumbe jina ulikuwa umeshalipeleka kwingine, na mwanangu ukamfundisha."

Mama Joho akarudi kukaa ukutani.

Binti ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kumtazama wakili: "Nilikosea kukataa mwisho wa wiki. Niliogopa. Sema unachotaka sasa, nitakuambia ninachoweza na nisichoweza."

Baba Chiriku alitaka wiki kwa wiki, nusu kwa nusu. Alisema hatamwacha mtoto muda wote kwenye nyumba ambayo watu wanaingizwa bila yeye kujua. Wakili wa miwani alimnong'oneza binti kwamba wanaweza kubisha, kwamba hakimu pengine angempa zaidi, lakini uamuzi ni wake. Binti aliangalia mchoro wa Chiriku kwa muda. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba kila jioni mtoto ampigie simu. Wakasaini. Chiriku akauliza kama kule kwa baba kuna ukuta wa kuchorea.

Joho la wakili lilichukuliwa na karani wake. Hakukuwa na salamu. Mama Vifungo anasema alimwona wakili mwenyewe siku moja kwenye ngazi za mahakama, amekonda, na kwamba alimwamkia kwa adabu na kuuliza kama binti yu mzima, kisha akaondoka kabla hajajibiwa.

Wiki ya kwanza ya Chiriku kwa baba yake, nyumba ilikuwa na ukimya wa kengele iliyokatika kamba. Mama Joho alitandika kitanda kidogo ambacho hakuna aliyekilalia. Alipotoka alimkuta binti sebuleni, kwenye kiti kile penye upepo, ameshika simu, akisubiri saa ya mtoto kupiga. Mama Joho alikwenda kabatini, akatoa kikombe, akamimina maji ya moto nusu, ndipo akajizuia. Akarudi mlangoni.

"Nikutengenezee chai?"

Alisubiri. Kusubiri kulimwia vigumu, birika lilikuwa bado mkononi.

"Hapana, mama," binti akasema. "Sitaki."

"Haya."

Akamwaga maji, akakifuta kikombe, akakirudisha mahali pake.